Kanisa la Udongo Nje ya Ukuta

Masharti yalitoka Vienna, na hayakuacha mwanya. Kanisa lijengwe nje ya ukuta wa mji, lakini lisivuke masafa ya mizinga iliyo juu ya ukuta huo. Lisitiwe jiwe wala tofali. Ruhusa ni miti, udongo, mchanga na majani makavu ya nafaka, basi. Lisiwe na mnara. Lisiwe na kengele. Kwa nje lisifanane na kanisa. Pasijengwe shule kando yake. Kazi iishe ndani ya mwaka mmoja, na gharama zote zitoke mifukoni mwa waumini wenyewe.

Ruhusa ya namna hiyo ni ruhusa ya kibanda. Anayeitoa anategemea mvua, baridi na mchwa wa wakati wamalizie kazi ambayo mkataba wa amani umemzuia kuifanya kwa mkono wake. Kaisari Ferdinand wa Tatu, aliyeweka masharti hayo, alifariki tarehe 2 Aprili 1657. Ibada ya kwanza katika kanisa jipya la Świdnica ilifanyika tarehe 24 Juni mwaka huohuo, kabla hajatimiza miezi mitatu kaburini. Utawala wa ukoo wake ulikoma mwaka 1918. Kanisa lingali limesimama, na watu wanasali ndani yake.

Nimelipa sura nzima katika kitabu hiki kwa sababu karibu kila kinachovutia ndani yake kilizaliwa na katazo fulani. Wasanifu wengi husifiwa kwa waliyoyataka. Hapa tunamtazama seremala na mhandisi waliopewa orodha ya wasiyoruhusiwa kuyafanya, wakaisoma kwa makini kuliko hata aliyeiandika.

Świdnica ni mji wa wastani ulio kilomita 50 hivi kusini-magharibi mwa Wrocław, katika nchi ya Silesia, ambayo leo sehemu yake kubwa iko Poland. Wakati wa habari hizi uliitwa Schweidnitz, wenyeji wake wengi wakizungumza Kijerumani, na bia yake ikisifika hadi miji ya mbali. Mafundisho ya Luther yalifika Silesia mapema, katika miaka ya 1520, na kabla karne hiyo haijaisha Walutheri walikuwa ndio wengi mjini. Hata kanisa kuu la mji, la Mtakatifu Stanislaus na Mtakatifu Wenceslaus, lilikuwa mikononi mwao. Mnara wa kanisa hilo unazidi mita 100 na unaonekana kutoka mashamba ya mbali. Mnara huo tutauhitaji tena mbele.

Lakini mtawala wa nchi alikuwa wa ukoo wa Habsburg, na watu wa Habsburg walikuwa Wakatoliki walioona umoja wa dini ndio umoja wa dola. Vita vya Miaka Thelathini vilipoanza mwaka 1618, Silesia ikawa njia ya majeshi. Mwaka 1629 askari wa Kaisari waliingizwa katika nyumba za Walutheri mjini. Hawakupewa amri ya kuua. Walipewa chakula, vinywaji na malazi kwa gharama ya mwenye nyumba, wakakaa humo mpaka yeye na jamaa yake walete cheti cha padri kuonyesha kwamba wameungama. Aliyeleta cheti, askari wake walihamia kwa jirani ambaye bado hajaleta. Hesabu hiyo inamwelemea yule wa mwisho kukubali, na ndivyo ilivyokusudiwa. Mwaka 1642 jeshi la Sweden chini ya Jenerali Torstensson liliuteka mji huo, na vita vilipokwisha sehemu kubwa ya nyumba zilikuwa magofu.

Amani ilitiwa sahihi Oktoba 1648 katika miji ya Münster na Osnabrück. Sweden, dola kuu ya Kilutheri wakati ule, iliwadai Habsburg uhuru wa ibada kwa ndugu zao wa imani wa Silesia. Ilipata kidogo sana. Baadhi ya majimbo ya nchi hiyo, pamoja na jiji la Wrocław, yalibaki na haki zao. Katika majimbo yaliyokuwa chini ya Kaisari moja kwa moja, Walutheri waliruhusiwa makanisa matatu tu: moja Głogów, moja Jawor, moja Świdnica. Mkataba uliyataja kwa majina ya miji yake, na kwa sababu yalizaliwa na mkataba wa amani yakaitwa Makanisa ya Amani.

Uzito wa tatu hiyo unaonekana ukitazama upande wa pili wa mizani. Mwaka 1653 na 1654 tume za Kaisari zilizunguka vijijini na mijini zikiyatwaa makanisa ya Walutheri, zaidi ya 600 kwa jumla, na kuwafukuza wachungaji wake. Mkulima aliyezoea kwenda kanisa la kijijini kwa dakika kumi sasa alikuwa na mahali pamoja pa kusali kihalali, na safari yake ilikuwa ya saa kadhaa kwa miguu. Kwa hiyo kanisa la Świdnica halikuwa la mji peke yake. Lilipaswa kubeba wilaya nzima.

Mwombaji hodari wa kanisa hilo alikuwa Daniel Czepko, mwanasheria na mshairi, aliyewatetea Walutheri wa eneo lake mbele ya watawala. Michango iliombwa kwa watawala na miji ya Kiprotestanti ya Ujerumani na kutoka Sweden. Karibu na nyumbani, Johann Heinrich von Hochberg, bwana wa ngome ya Fürstenstein iliyo jirani, alitoa miti ya mialoni kutoka misitu yake. Idadi inayokumbukwa ni miti 2,000, na inasemekana ilitosha theluthi mbili ya mbao zote zilizohitajika. Bila msitu huo mwaka mmoja usingetosha hata kukusanya magogo.

Mchoro ulikuwa wa Albrecht von Säbisch, mhandisi wa Wrocław ambaye kazi yake hasa ilikuwa ngome za vita. Kazi ya mbao aliishika seremala mkuu Andreas Gamper. Wawili hawa walikuwa wamekwisha kufanya kazi pamoja Jawor, kwa hiyo walipoweka jiwe la msingi Świdnica tarehe 23 Agosti 1656 walijua walichokuwa wakikifanya. Miezi kumi ilitosha. Napenda kufikiri kwamba ufundi wa ngome ulimsaidia Säbisch kuliko ambavyo ufundi wa makanisa ungemsaidia. Mjenzi wa makanisa angeanza kwa kuomboleza mnara. Mjenzi wa ngome huuliza: adui ameniachia nini, nami nina siku ngapi?

Basi tuanze na ukuta, maana ndio uliokusudiwa kuwa udhaifu wa jengo.

Kiunzi chote ni mbao. Nguzo zimesimamishwa juu ya mihimili ya chini, zikafungwa kwa mihimili ya kulala na ya mshazari. Kila penye maungio, ncha ya mti mmoja imechongwa ulimi ukaingia katika tundu la mti mwingine, kisha kigingi cha mti kikapigwa kupita vyote viwili. Kiunzi hiki ndicho kinachobeba paa na watu. Baada ya hapo kati ya nguzo zilibaki nafasi tupu za mraba. Humo fundi alibana fito zilizozungushiwa majani makavu yaliyoloweshwa udongo, akazijaza mpaka nafasi ikaziba, akakandika tena kwa udongo laini uliochanganywa na mchanga, na mwisho akapaka chokaa. Kwa nje macho yanaona miraba myeupe iliyofungwa kwa mistari myeusi ya miti.

Msomaji aliyekulia Njombe au Taita ameitambua kazi hii kabla sijamaliza kuieleza. Ni kukandika. Sharika nyingi za Kilutheri na makanisa mengine mengi ya Afrika Mashariki yalianza hivyohivyo: nguzo, fito, udongo wa mahali, na nguvu za washarika. Kwetu kanisa la udongo lilichukuliwa kuwa la muda, na siku ya kufungua la matofali watu walishangilia. Świdnica hakukuwa na ruhusa ya kungojea la matofali. Ndiyo maana walilijenga la udongo kwa ustadi ambao kwa kawaida huwekewa akiba jengo la kudumu.

Siri ya kudumu kwake iko katika mgawanyo wa kazi. Udongo haubebi chochote, unaziba tu. Ukipasuka, fundi anaondoa mraba mmoja na kuujaza upya bila kugusa paa. Tena udongo mkavu hunyonya unyevu kutoka kwenye mbao zinazougusa na kuutoa nje kupitia hewani, kwa hiyo mti uliozungukwa na udongo huoza polepole sana kuliko mti uliofungiwa ndani ya kitu kisichopumua. Waliokataza mawe walidhani wanachagua kitu dhaifu, na kumbe walichagua vitu viwili vinavyohifadhiana.

Tatizo la pili lilikuwa nafasi. Kiwanja kina kikomo, na ukubwa wa kiunzi cha mbao una kikomo. Jengo lina urefu wa mita 44 na upana wa mita 30.5, eneo la takribani mita za mraba 1,090. Ndani yake watu 7,500 waliweza kusali kwa pamoja, 3,000 kati yao wakiwa wameketi. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba kila mita ya mraba ya sakafu inadaiwa karibu watu saba.

Jibu lilikuwa kupanda juu. Säbisch alilipa jengo umbo la msalaba wenye mikono mipana, kisha pande zote akazungusha roshani, moja juu ya nyingine. Anayeketi chini kabisa na anayesimama roshani ya juu kabisa wote wako karibu na mimbara, na hilo ndilo lilikuwa la lazima, kwa kuwa Mlutheri alikwenda kanisani kwanza kabisa kusikia Neno likihubiriwa kwa lugha yake. Katika kanisa refu la mawe la zama za kati, watu elfu saba wangekuwa nusu yao nyuma ya nguzo, wakisikia mwangwi. Hapa sauti ya mtu mmoja inatua kwenye mbao na udongo. Vitu hivyo haviirudishi sauti kwa ukali wa jiwe. Waliokatazwa umbo la kanisa walipata ukumbi wa kuhubiria ambao makanisa mengi ya mawe yangeuonea wivu.

Kwa nje ungedhani ni ghala kubwa la mazao. Ukivuka mlango mambo yanageuka. Masharti ya Kaisari yalihusu kuta, mahali, mnara na kengele, na hayakusema lolote kuhusu rangi. Waumini wakaitumia nafasi hiyo kwa vizazi vitatu. Kati ya mwaka 1694 na 1696 wachoraji Christian Süssenbach na Christian Kolitschky waliijaza dari picha: Utatu Mtakatifu katikati, na kando yake maono ya Ufunuo wa Yohana, Yerusalemu ya mbinguni, hukumu ya mwisho, kuanguka kwa Babeli. Mtu aliyekuwa amenyang'anywa kanisa la kijiji chake aliinua macho akaona Babeli ikianguka. Sidhani kama alihitaji mahubiri ya ziada juu ya jambo hilo, na nadhani waliochagua picha walijua.

Roshani nazo zilijaa. Familia za mabwana wa vijiji na vyama vya mafundi wa mjini walikuwa na sehemu zao, na wote walioweza waliweka alama zao, ngao za ukoo, vyombo vya ufundi, mistari ya Biblia iliyoandikwa kwa herufi za kupambwa. Roshani inayozidi zote ni ya familia ya Hochberg. Ilijengwa mwaka 1698 juu ya mlango mkuu, ina madirisha yake na ngao kubwa, imechongwa na kupakwa dhahabu, na ni shukrani ya usharika kwa ile mialoni. Najua wapo wanaoudhika kuona tajiri amewekewa chumba ndani ya nyumba ya Mungu, nami sikatai kwamba kuna la kuuliza. Hata hivyo ukiitazama roshani hiyo ukikumbuka kwamba nguzo zinazoibeba ni za msitu wa familia hiyohiyo, inasomeka pia kama risiti ya deni lililokiriwa hadharani.

Kinanda kikubwa cha mabomba kilitengenezwa na Christoph Klose kati ya mwaka 1666 na 1669. Kingine kidogo kiliwekwa juu ya madhabahu mwaka 1695. Mimbara ya sasa ni ya mwaka 1729, kazi ya mchongaji Gottfried August Hoffmann, na pembeni yake zimefungwa chupa za mchanga za kupimia saa. Chupa hizo ni kitu kidogo katika kanisa lililojaa dhahabu, lakini ndizo ningemwambia mgeni azitafute kwanza. Mchungaji alikigeuza chombo, mchanga ukaanza kushuka, na kila aliyekaa mbele aliona wakati unavyokwenda. Mkulima aliyetembea tangu usiku alikuja kusikia, na hakuwa tayari kupunjwa. Mhubiri naye alikuwa na safari za kijijini zikimngoja baada ya ibada, kwa hiyo ule mchanga uliwalinda wote wawili.

Kazi ya uchungaji yenyewe ilikuwa ngumu kupita kiasi. Wachungaji watatu walihudumia vijiji vipatavyo 36 pamoja na mji. Mgonjwa wa Kilutheri alipotaka Chakula cha Bwana kitandani, mchungaji wake hakuweza kwenda hivihivi; ilibidi kwanza kupata kibali cha padri Mkatoliki wa mahali hapo. Wakati wa kungojea kibali, mtu aliweza kufa. Katika hali hiyo alihudumu Benjamin Schmolck, aliyefika Świdnica mwaka 1702 na kubaki mpaka alipofariki Februari 1737. Mwaka 1730 alipatwa na kiharusi, lakini aliendelea na huduma kadiri mwili ulivyomruhusu. Katikati ya mizunguko hiyo alitunga nyimbo za dini zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za sala ya nyumbani, kwa watu ambao Jumapili nyingi mvua au theluji iliwazuia kufika kanisani. Nyimbo zake zilisambaa kote Ujerumani. Mila hiyo ya nyimbo za Kilutheri ndiyo waliyokuja nayo wamisionari wa Kijerumani Tanganyika, na ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya kitabu cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana.

Muziki wa Świdnica haukuishia kwa Schmolck. Mwaka 1729 Christoph Gottlob Wecker, aliyekuwa mwanafunzi wa Johann Sebastian Bach huko Leipzig, alipewa kazi ya kuongoza uimbaji wa kanisa hilo. Usharika wa pembeni ya dola, uliokatazwa hata kengele, ulikuwa na mwalimu wa kwaya aliyefundishwa na Bach.

Kuhusu kengele, miaka 50 ilipita bila. Kwa nusu karne ibada ilianza bila mlio wowote, huku mnara wa mita 100 mle mjini ukipiga saa za wengine. Mabadiliko yaliletwa tena na Sweden. Mfalme Charles wa Kumi na Mbili alipita Silesia na jeshi lake, Walutheri wakamlilia, naye mwaka 1707 akamlazimisha Kaisari Joseph wa Kwanza kutia sahihi makubaliano ya Altranstädt. Makanisa zaidi ya 100 yalirudishwa, mengine sita mapya yakaruhusiwa, na yale ya Amani yakapewa haki ya kuwa na minara, kengele na shule. Majira ya baridi ya mwaka huo watoto wa Silesia walianza kukusanyika viwanjani, bila kuitwa na mkubwa yeyote, wakisimama kwa duara na kuomba makanisa yarudishwe. Wazazi walishangaa, wachungaji wakagawanyika, baadhi wakiona ni kazi ya Roho na wengine wakiogopa fujo. Ukilea watoto katika nchi ambako shule ya kanisa ni kosa, wataipata shule yao mahali fulani.

Mwaka 1708 Świdnica ilijenga mnara wa kengele na shule. Mnara ulisimamishwa peke yake, hatua chache kutoka kanisani, na ni mfupi. Ningetegemea watu waliokatazwa kwa nusu karne wapandishe mnara wa kushindana na ule wa mjini. Wao walijenga unaotosha kengele zisikike, wakaliacha kanisa lenyewe lilivyo. Hapo napaona kama mahali ambapo usharika ulikubali rasmi kwamba umelipenda jengo lake.

Frederick wa Pili wa Prussia alipoiteka Silesia miaka ya 1740 na 1741, vizuizi vya dini vilikwisha. Vijiji vikaruhusiwa nyumba zao za sala, na kila kijiji kilichojenga ya kwake kiliondoa watu katika roshani za Świdnica. Uhuru ulilipunguzia kanisa waumini. Lakini haukulipunguzia heshima: mwaka 1752 Hoffmann alipewa kazi ya madhabahu mpya, ambayo ndiyo iliyopo, yenye sanamu za Musa, Haruni na mitume, na juu yake Mwanakondoo juu ya kitabu chenye mihuri saba.

Ndugu zake wawili walipata bahati tofauti. Kanisa la Głogów, la kwanza kumalizika, liliangushwa na dhoruba mwaka 1654, likajengwa upya, na mwaka 1758 likateketea kwa moto pamoja na sehemu ya mji. Halikurudi tena. Hivyo hofu ya moto ilikuwa ya kweli. Mbao na majani makavu ni kuni, na kila mshumaa uliowashwa Świdnica kwa karne tatu na nusu uliwashwa ndani ya kuni. La Jawor lipo, kilomita 30 hivi kutoka Świdnica. Lilijengwa mwaka 1654 na 1655, ni jembamba zaidi, na lina roshani za ngazi nne zenye nafasi ya watu 5,500 hivi. Paneli zake zina picha 143 za Biblia zilizochorwa na Georg Flegel, za Agano la Kale na Jipya, pamoja na ngao na majumba ya wafadhili. Asiyejua kusoma aliweza kuifuata Biblia kwa kugeuza shingo. Nikilazimishwa kuchagua, nasema Świdnica ni ya sikio na Jawor ni ya jicho.

Mwaka 1945 ulilikuta kanisa la Świdnica zima, ila watu wake waliondoka. Silesia ilikabidhiwa Poland, Wajerumani wakahamishwa, na nyumba zao zikakaliwa na Wapoland, ambao wengi wao walikuwa wamehamishwa nao kutoka mashariki. Wageni hao karibu wote walikuwa Wakatoliki. Jengo lilibaki mikononi mwa Walutheri wachache wa Kipoland, na leo usharika huo una waumini wapatao mia moja. Mia moja ndani ya kanisa la watu 7,500. Wangeweza kuliacha liwe jumba la makumbusho. Wamechagua kubaki usharika: kuna mchungaji, kuna ibada, kuna ubatizo, na wageni wanaolipa kiingilio cha kutazama dari wanaingia katika nyumba inayotumika. Tangu mwaka 2000 kuna pia tamasha la muziki wa Bach kila mwaka.

Desemba 2001, katika kikao kimoja kilichofanyika Helsinki, UNESCO iliyaingiza makanisa ya Jawor na Świdnica katika Orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na mji wa kale wa Lamu. Nimefurahi kila nilipokumbuka ujirani huo. Lamu iliingia kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, Silesia ikaingia kwa mwaloni na udongo, na vyote viwili vinahitaji kitu kilekile ili viendelee kuwepo: fundi anayejua kazi ya zamani na mwenye nyumba asiyekimbilia saruji.

Hilo la saruji si dogo. Matengenezo makubwa ya Świdnica yalianza miaka ya 1990, yakiwashirikisha wataalamu wa Poland na Ujerumani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Toruń. Saruji ikipakwa juu ya kiunzi cha mbao hufungia unyevu ndani, na mti ulioishi miaka mia tatu unaweza kuoza ndani ya miongo michache. Kwa hiyo mafundi walirudi kwenye mambo ya mwaka 1656. Mti uliooza ulikatwa mahali palipooza tu, kipande kipya kikaungwa kwa ulimi na kigingi. Miraba iliyobomoka ilijazwa upya kwa fito, majani makavu na udongo, ikakandikwa, ikapakwa chokaa. Sheria ya kukataza mawe ilikufa zamani, na fedha zingetosha kununua vifaa vya kisasa, lakini waliopima, wakachunguza na kulinganisha walikubaliana na orodha ya Vienna katika jambo hilo moja: miti, udongo, mchanga na majani makavu.